Zabibu Zilizofunguliwa Upande wa Asubuhi

Los Quillayes, Putaendo
Januari 18, 2004

Mdogo wangu Nibaldo,

Habari za huko kwenye mvua? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi, na kwa miezi hii kazi yetu yote ni ngazi. Mkeo Mireya anaendeleaje na kile kifua chake? Mwambie asiende tena kule kwenye kiwanda cha samaki bila sweta. Najua ni mbishi, lakini mwambie.

Nakuandikia kwa sababu simu iko dukani kwa Uberlinda, na ukiongea pale, kabla hujaiweka chini Los Quillayes nzima imeshajua. Haya yangu sitaki yajulikane.

Zabibu zimeanza kulainika lakini rangi haiji. Zinatoka kwenye kijani zinaingia kwenye upinki wa maji, kama shati jekundu lililofuliwa mpaka likachoka, halafu zinakwama hapo. Unajua ya mwaka jana. Yule bwana wa kiwanda cha kufungashia alikuja na kadi yake ya rangi, akaisimamisha kando ya kichala, akatazama kadi, akatazama kichala, akatikisa kichwa, na zote zikaenda kuanikwa ziwe zabibu kavu, kwa bei ya bure. Mwaka huu ameniambia wazi: "Doña Ercilia, zikiwa hivi tena, kiwanda kitakuondoa kwenye orodha yake." Na mimi bila kiwanda nitamuuzia nani? Padri?

Wanasema ni joto. Kweli, usiku siku hizi haupoi. Nalala na shuka moja na bado jasho linanitoka. Marehemu mume wangu Heriberto alikuwa akisema jua hupika sukari lakini rangi huletwa na usiku wa baridi. Sawa. Basi nieleze jambo moja: kwa Custodio, ng'ambo ya ua, ni miche ileile, ililetwa na lori moja siku moja na ya kwetu. Jua lake ni hilihili na usiku wake ni huuhuu. Zake zimeanza kuwa nyekundu. Mimi nilishasema zamani kwamba yule mtu ana jambo analolifanya.

Na la pili ndilo baya zaidi. Juzi nimekuta majani mabichi chini, kwenye mistari kadhaa. Upepo hauchumi hivyo. Yamechumwa kwa mkono, moja moja. Kando ya kila kichala pamefunguliwa kijidirisha. Unakumbuka mwaka ule Heriberto alipopunguza majani, jua likaziunguza zabibu mpaka zikawa kama zimechemshwa? Tangu hapo sijamruhusu mtu kugusa jani. Sasa kuna mtu anataka ziungue tena, nikate tamaa, niuze.

Jina silitaji. Unalijua.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Ercilia


Puerto Montt
Januari 29, 2004

Dada Ercilia mpendwa,

Barua yako imetukuta wazima. Mireya bado anakohoa lakini anacheka, na huku mvua imepumzika kidogo. Jana tuliota jua uani kama paka. Lile goti lipake mafuta ya moto usiku, ulifunge na kitambaa cha sufu. Usilidharau.

Dada, punguza moto. Custodio ni mtu mzima sasa, atapata wapi nguvu za kuja kuchuma majani ya watu alfajiri? Pengine ni vibarua walipita, au vijana wanatafuta majani ya kulishia sungura. Na joto hilo halikuletwa na Custodio. Hata huku watu wanalalamika.

Kama kuna mtu anafungua majani, mwache. Subiri uone kinachotokea. Usiende kufanya fujo kwenye ua, tafadhali, wala usiende polisi. Kwa jirani wa siku zote, fujo ni ya nini?

Nakuwaza sana uko peke yako humo na ngazi zako. Mavuno yakiisha njoo ukae nasi. Mireya anataka kukukaangia viazi mpaka unenepe.

Mdogo wako,
Nibaldo


Los Quillayes
Februari 8, 2004

Nibaldo,

Salamu zenu nimezipokea, na goti nimelifunga kama ulivyosema. Linanuka kama farasi lakini limetulia. Mireya apewe asali na limau, asubuhi kabla hajala kitu.

Barua yako imenishangaza, nakwambia kweli. "Jirani wa siku zote"? Si wewe uliyempasulia Custodio kioo cha dirisha ulipokuwa kijana, kwa sababu alijifungulia maji ya mfereji kwenye zamu yetu ya kumwagilia? Na Heriberto mpaka anakufa hakusemezana naye kwa maji hayohayo, wala mimi tangu hapo sijamsalimu. Wewe uko mbali, umesamehe lini? Nani alikuomba msamaha?

Sikiliza. Jumatano nilimwagilia. Alhamisi asubuhi nikakuta nyayo kwenye udongo mbichi. Mguu wa kulia umekanyaga vizuri, wa kushoto umeburuta. Hapa kwetu anayeburuta mguu wa kushoto ni mmoja tu, na siyo mfuga sungura.

Nikachukua magunia ya zamani ya unga, nikafunika vile vidirisha ili jua lisipite. Kesho yake magunia yote yalikuwa yamekunjwa vizuri, kona kwa kona, yamewekwa juu ya nguzo ya lango! Kama nguo zimetoka kupigwa pasi. Mwizi anayekunja magunia ananitisha kuliko mwizi anayeyaiba.

Nikaenda uani kwake. Alikuwa kwenye ngazi, kofia imemfunika macho. Nikamwambia, "Don Custodio, ukitaka kuniunguzia zabibu njoo mchana, nikuone."

Hakushuka. Hata mkasi hakuuweka chini. Akasema, "Doña Ercilia, kama ningetaka kukuunguzia, ningefungua upande wa jioni."

"Maana yake nini?"

"Jua la asubuhi halina makali. Linaigusa zabibu na kuondoka. La mchana na la jioni ndilo linalounguza, na zabibu iliyopata joto sana haigeuki rangi hata uiimbie. Marehemu alitoa majani pande zote. Ndiyo maana."

Fikiria! Anamtaja marehemu kwangu, na mdomo wake hauungui. Nikamwuliza, "Kwa hiyo unakubali ni wewe?"

Akakata kijitawi kimoja. Halafu akasema, "Ngoja baridi ishuke kutoka milimani. Utaona mwenyewe." Akanipa mgongo.

Sasa niambie wewe uliye mwema siku hizi. Mtu ambaye hujasemezana naye miaka yote hii, anaamka alfajiri, anapita mferejini na mguu mbovu, anakuhudumia zabibu zako bure. Kwa sababu gani? Kwa upendo? Mimi nakwambia kuna kitu anakitaka, na amekiona kiko karibu.

Dada yako,
Ercilia


Puerto Montt
Februari 17, 2004

Dada mpendwa,

Natumaini unapumzika na kula vizuri, siyo mkate na chai tu kama ninavyokujua. Sisi tunaendelea salama. Kikohozi cha Mireya kimepungua, asali imemfaa, anakushukuru.

Umenichekesha na magunia. Lakini sasa tafadhali usiyarudishe. Ukiifunika tena ile mistari ya upande wa mfereji kazi yote imeharibika, maana imeshafunguliwa vizuri na vichala vya ziada vimeshatolewa, mti haubebi mzigo mkubwa tena. Iache ipumue. Baridi ikija, hiyo ndiyo itakayotangulia kuwa nyekundu.

Hilo la maji ni la zamani, Dada. Watu wanazeeka.

Mireya amesafisha chumba cha nyuma, amekipaka rangi ya maziwa. Kina jiko lake la kuni. Amesema ukija usije kwa wiki mbili kama mgeni, uje ukae. Kwa nini ung'ang'ane na ngazi katika umri wako? Lifikirie kwa utulivu. Nguo nzito zipo, usibebe.

Mdogo wako anayekupenda,
Nibaldo


Los Quillayes
Februari 25, 2004

Nibaldo,

Mimi mzima. Mireya msalimie, yeye hana kosa.

Barua yako niliisoma nimekaa, nikairudia nimesimama. Kisha nikatoka nayo hadi shambani.

Mimi nilikuandikia "mistari kadhaa". Sikukwambia ni ya upande wa mfereji. Na habari ya vichala kutolewa sikukuandikia kabisa, kwa sababu sikuwa naijua! Ilinibidi niende kutazama kwa barua yako mkononi, kama mgeni anayeelekezwa nyumbani kwake. Ni kweli. Vimekatwa, vimefukiwa kwenye majani makavu chini ya mti, visionekane.

Wewe uko Puerto Montt, mwendo wa siku na usiku kwa basi, unaona chini ya majani yangu makavu. Mimi niko hapa sioni. Nani anakuandikia?

Na nimegundua jingine nilipokuwa nimesimama pale. Mistari iliyofunguliwa inaanzia mferejini inakwisha kwenye ule mti wa kati, ambapo Baba alitembea na fimbo siku ile akasema, huku kwa Ercilia, kule kwa Nibaldo, na asiuze mmoja bila mwenzake. Haijavuka hata mzabibu mmoja. Ni nusu yako, mdogo wangu. Nusu yako imefunguliwa yote. Yangu haijaguswa jani.

Baridi imeshuka tangu juzi. Usiku najifunika blanketi. Asubuhi milima inakuwa myeupe juu kabisa, na mkono ukigusa waya wa kichanja cha mizabibu unaganda. Zabibu za upande wako zinageuka. Kila asubuhi zimekolea kuliko jana. Zangu ziko palepale na upinki wao.

Nijibu swali langu kwa mstari mmoja. Sitaki habari za chumba.

Ercilia


Puerto Montt
Machi 6, 2004

Dada,

Pole na baridi. Naandika kwa haraka, nina safari ya kupeleka samaki Temuco.

Labda uliniambia ukasahau. Au nilikisia tu. Upande wa mfereji ndio wenye majani mengi siku zote, yeyote angekisia. Usikae peke yako kutengeneza mambo kichwani, hayo ndiyo yanayomaliza watu.

Habari njema ni kwamba sasa naendesha lori langu mwenyewe, siyo la tajiri tena. La mitumba lakini injini nzuri. Mireya amelifunga utepe mbele.

Custodio usizungumze naye lolote mpaka nije. Nakuomba sana. Nitakuja mwezi huu mwishoni, nitakueleza.

Mdogo wako,
Nibaldo


Los Quillayes
Machi 29, 2004

Nibaldo,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo, nimemaliza kuvuna. Mwezi unaisha, hujaja, kwa hiyo nimezungumza na Custodio.

Bwana wa kiwanda alikuja Jumanne na kadi yake. Alianzia upande wangu. Akatazama, akatikisa kichwa, nami nikatazama viatu vyangu. Tulipovuka ule mti wa kati akasimama. Aliishusha kadi mkono ukining'inia, kwa sababu haikuhitajika. Hujawahi kuona zabibu kama zile, Nibaldo. Nyekundu kotekote, mpaka ndani kwenye vikonyo, na ule unga wake mweupe juu kama pumzi kwenye kioo. Akaniuliza, "Doña, kwa nini hukufanya hivi shamba zima?"

Ningemwambia kwamba shamba zima siyo la mtu mmoja?

Nikamkuta Custodio mferejini, anasafisha lango la maji. Nikamwambia, "Zabibu zimekubaliwa. Zile unazozifungua."

Akavua kofia. "Nimefurahi."

"Umefurahi kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Akasema, "Nibaldo alisema mmekubaliana."

"Tumekubaliana nini?"

Basi rangi ikamtoka yule mzee, nikamhurumia kabla hajasema neno. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji, mguu wake mbovu ameunyoosha. Akaniambia ulimwandikia barua Oktoba, na tangu hapo amekuwa akikuandikia kazi inavyokwenda. Ulimwambia zabibu za kwetu hazitakuwa nyekundu tena, ardhi imechoka, joto limeishinda, na kwamba unamwuzia nusu yako kwa radhi yangu, naye akakutumia pesa. Ulimwambia mimi nitahamia huko kwenu mavuno yakiisha, na yangu nitamwuzia baadaye. Na ukamwomba asiniguse na habari hiyo, kwa sababu nikisikia ardhi inatajwa namkumbuka Heriberto na kulia.

Mimi? Kulia mbele ya Custodio?

Nikamwuliza, "Na wewe ukaamini?"

"Doña Ercilia, tangu marehemu hatujasalimiana. Ningekuuliza kwa njia gani?"

"Na kuja kwa kunyata kama kicheche?"

"Nilidhani hutaki kuniona nikifanya kazi humo. Nikasema niifanye kabla hujaamka. Miti imebanwa na majani, inaomba hewa, na mimi naijua ni yangu. Ningeiachaje?" Kisha akasema, taratibu, "Yale magunia niliyakunja kwa sababu niliona ni ya marehemu. Yana jina lake."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana kwa maneno niliyoyaweka miaka yote hiyo, mazuri kabisa, nikakuta hayana pa kwenda. Nilikuwa nimemshuku mtu ambaye kosa lake ni kukuamini wewe.

Amekataa kuyagusa mavuno. Anasema mimi ndiye niliyepogoa na kumwagilia. Na amesema ardhi ya mtu ambaye ndugu yake hajui haitaki, hata ukimpa bure. Pesa yake uliyonunulia lori utamrudishia kadiri lori litakavyokulipa. Hayo ni yenu wawili, mimi simo.

Yangu ni haya. Ungenijia ukasema, Dada, nimechoka kuendesha lori la mtu, ningekaa nikawaza na wewe. Pengine ningekwambia uza. Lakini ulikaa huko ukanipaka chumba rangi, ukaniambia naota mambo kichwani. Nilikuwa naamka nimeshika panga, namwogopa jirani, na kila nikikuandikia unaniambia tulia. Nilianza kudhani kweli akili inanitoka. Hilo ndilo linaloniuma, siyo ardhi.

Njoo tuongee. Julai tunapogoa, mikono haitoshi.

Dada yako, hata hivyo,
Ercilia


Los Quillayes
Julai 11, 2004

Nibaldo,

Salamu kwako na kwa Mireya. Barua yangu ya Machi hukuijibu. Niliandika nyingine baada ya Pasaka, nikaichana, kwa sababu ilikuwa inakuomba msamaha na sikujua nimekukosea nini.

Huku ni baridi. Mizabibu imebaki vijiti, na asubuhi maji ya mfereji yana ngozi ya barafu. Custodio na mimi tunapogoa pamoja, shamba langu na lake, ili kazi iishe. Bado tunagombana. Jana ameniita kichwa cha nyumbu kwa sababu nimeacha matawi mengi. Nikamwambia afadhali nyumbu, anaburuta mizigo, haburuti mguu. Alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi. Ananionyesha ni wapi majani yatakuwa mazito ikifika Januari, na nimemwambia msimu ujao tutafungua pande zote mbili za ule mti wa kati, mimi mwenyewe nikiwepo, nikiwa macho.

Sasa nakwambia kwa nini nakuandikia.

Uberlinda amenisimamisha leo dukani. Amesema Alhamisi ulishuka kwenye basi la saa nne. Alikutambua kwa mabega, ni ya Baba. Anasema uliagiza kinywaji cha moto, hukukaa, ukasimama mlangoni na kikombe unatazama ng'ambo ya barabara. Sisi tulikuwa pale, mimi juu ya ngazi na Custodio chini akikusanya matawi. Anasema ulitazama mpaka kikombe kikapoa. Akakuuliza, "Si dada yako yule? Nimwite?" Ukasema, "Hapana, ana kazi." Basi la kurudi lilipokuja ukapanda.

Nimemuuliza mara tatu kama ni kweli, maana siku hizi simwamini mtu haraka. Akaniletea kikombe, alikiweka bila kukiosha. Hukumaliza.

Sijui ulifikiri nini uliponiona naye. Labda ulidhani tunakuteta. Tulikuwa tunabishana kuhusu mkasi, Nibaldo. Jina lako halikutajwa.

Umesafiri siku na usiku mpaka hapo. Iliyobaki ni barabara moja, na magari hayapiti mengi. Safari nyingine ukishuka, usiingie dukani. Vuka.

Dada yako,
Ercilia